Makumbi au maranda kwa chatu wa kifalme?

Ndugu, umeuliza kama maranda ya mwerezi yanafaa kuchukua nafasi ya magazeti katika kizimba cha chatu wako wa kifalme. Hayafai hata kidogo: mafuta yanayoupa mti huo harufu yake nzuri huwasha njia ya hewa ya nyoka.

Kwa chatu huyu wa Afrika Magharibi na ya Kati, anayehitaji unyevu wa hewa wa takriban asilimia 60, ningechagua vumbi la makumbi ya nazi lililochanganywa na vipande vyake vikubwa, lenye kina cha sentimita 7 hadi 10. Likamue kiganjani kabla ya kulitandaza. Lishikamane bila kudondosha maji. Baadaye, ongeza maji kwenye pembe ili tabaka la chini lilowe na la juu libaki kavu, kwa kuwa nyoka anayelalia majimaji hupata vidonda kwenye magamba ya tumboni.

Kinyesi kiondolewe siku hiyohiyo. Ikiwa unatumia mkeka wa joto chini ya kizimba, tandaza tabaka jembamba juu yake, uudhibiti kwa thamostati (kifaa kinachozuia joto lisizidi kiwango ulichoweka), maana makumbi mengi huzuia joto lisipande.