Tarehe ya kufungua usiiwekee pesa: yaliyonipata na puto langu Malindi

Idi Mosi ya mwaka 2020, tarehe 24 Mei, watoto watatu wa jirani walisimama langoni kwangu na nguo zao mpya. Mdogo wao alikuwa ameshika noti ya hamsini, mkono wa Idi huo, ameikunja mpaka imekuwa kama tembe.

"Bi, leo mwafungua?"

Nikamwambia hapana. "Na kesho?" Hapo nikakosa jibu.

Nina kiwanja cha michezo ya watoto hapa Malindi, upande wa Maweni. Kuna puto kubwa la kurukia, bembea ya kuzunguka iliyochomelewa na fundi wa mtaani, trampolini moja na vigari vinne vya betri. Si Disneyland, ile bustani maarufu ya michezo ya Wamarekani, lakini siku za Idi foleni hufika barabarani. Sasa mpwa wangu wa Watamu anataka kuingia biashara hii hii, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Shangazi, na wakifunga tena kama wakati wa korona?" Nimeona nimjibu hapa, wengine nao wasome.

Kufungwa kwenyewe nilikuvumilia. Kilichonila pesa ni kungoja kufunguliwa.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na Jumapili ya tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule. Nitasema ukweli ambao sijivunii: Jumatatu na Jumanne yake nilipata wateja kuliko wiki nzima iliyotangulia. Watoto wote wako nyumbani, mama zao wamechoka, wapi pa kuwapeleka? Nikafurahi. Jumatano nikaambiwa nifunge, na aliyeniambia alikuwa na haki. Watoto kumi na wawili ndani ya puto moja, jasho kwa jasho, mate kwa mate, ugonjwa ungetaka nini zaidi?

Kafyu ikaanza tarehe 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti za Kilifi, ambayo ndiyo yetu, Mombasa na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Amri ikaongezwa hadi tarehe 16 Mei, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Nilipiga hesabu kama mtu mwenye njaa. Tarehe 16 wanafungua, tarehe 24 ni Idi, basi nina siku nane za kujitengeneza. Nikanunua rangi, nikamlipa fundi aipake bembea, nikanunua ndoo sita za bomba za kunawia mikono, nikatoa arbuni ya jenereta. Jumla shilingi 23,000, na hizo ndizo zilikuwa akiba yangu yote. Jioni ya tarehe 16 tukakaa mbele ya runinga, tukaambiwa mpaka tarehe 6 Juni. Arbuni haikurudi. Ndoo moja ninayo mpaka leo, nawatilia kuku maji.

Kwa hiyo la kwanza, mpwa wangu: tarehe ikitangazwa, isikie, iandike ukutani ukitaka, lakini usiiwekee pesa. Pesa ya kufungulia itoke siku umeshaona geti la mwenzako liko wazi na hakuna aliyekuja kulifunga.

Nilikuja kujifariji baadaye kwa kusoma habari za wakubwa. Disneyland ya California ilitangaza kwamba itafungua tarehe 17 Julai 2020, siku ya kutimiza miaka 65 tangu izinduliwe, kisha ikairudisha tarehe yake mfukoni kwa sababu jimbo halikuwa limetoa masharti ya kufungulia. Ikafungua tarehe 30 Aprili 2021. Ile ya Florida, ya kampuni hiyo hiyo, ilikuwa imeshafungua tangu tarehe 11 Julai 2020. Ya Hong Kong ndiyo ilinichosha hata kuisoma: ilifunga Januari 2020, ikafungua Juni, ikafunga Julai, ikafungua Septemba, ikafunga Desemba, ikafungua Februari 2021. Wale wana mawakili na mabilioni. Mimi nilikuwa na daftari na kalamu ya kuazima.

La pili, uliza ni kitu gani hasa kilichofunguliwa. Tarehe 6 Juni tulitangaziwa kuwa Kilifi na Kwale zimefunguliwa, na kafyu imesogezwa mpaka saa tatu usiku. Mtaa mzima ukasema "tumefunguliwa". Nami Jumamosi ya tarehe 13 nikalijaza puto upepo. Saa nane mchana lilikuwa chini tena, nami nimesimama mbele ya afisi naeleza. Kilichofunguliwa kilikuwa ni njia: mtu aweza kutoka Malindi kwenda Nairobi? Hapana, Nairobi yenyewe ilikuwa bado imefungwa. Mikusanyiko nayo ilikuwa bado marufuku. Afisi moja ikaniambia nilete barua, ya pili ikaniambia barua hiyo haipo. Nenda mwenyewe, uliza kabla ya kujaza puto, na mwambie anayekujibu akuandikie, hata kwa ujumbe wa simu.

Hapa kwenye vifaa nitakaa kidogo, maana watu hudhani kifaa kilichofungiwa kimehifadhiwa. Malindi hewa yetu ni ya chumvi. Mwezi Julai nilipolikunjua puto baada ya kuliacha wiki nyingi limekunjwa, lilitoa harufu ya nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Lilikunjwa na unyevu. Ukungu umepanda kwenye mikunjo, mweusi, kama wanja uliomwagika. Panya naye amepitia kona ya ngazi, ametoboa mahali watoto wanapopandia. Na mishono miwili ya upande imeachia.

Mafundi wa mahema waliniomba pesa nisizokuwa nazo. Nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa matanga. Akalizunguka, akaligusa kwa kidole cha mguu.

"Mwanangu, hili ni tanga gani lisilo na foromali, mti wa kulishikia?"

"Ni la watoto, ami."

"Wapi mlingoti?"

Alicheka mpaka akakohoa, tukasogea mbalimbali kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Kisha akaketi akalishona kwa sindano ya tanga na uzi wake, mshono mara mbili, kiraka kwa ndani na kiraka kwa nje. Puto la aina hii huvuja kidogo kidogo kwenye mishono hata likiwa jipya, ndiyo sababu feni ya kulijaza upepo haizimwi watoto wakiwa ndani. Kwa hiyo matundu ya sindano hayana neno. Mshono unaoachia ndio wenye neno.

Fanya hivi ukifungiwa: puto lifagiliwe mchanga, likauke kabisa, likunjwe, liinuliwe juu ya mbao. Kila mwezi likunjuliwe lipigwe na upepo. Feni iwashwe dakika kumi kila wiki, kutu isije ikakaa ndani. Betri za vigari zichajiwe hata kama hakuna anayevipanda; mimi niliziacha zikaisha zenyewe, na tatu kati ya nne hazikuamka tena. Na ukija kufungua wakati wa upepo wa kusi, kama ilivyokuwa kwangu, kaza kamba na vigingi mara mbili. Upepo ukizidi, shusha puto, rudisha pesa za watu.

Kodi: nenda kwa mwenye kiwanja kabla hujawa na deni. Mimi nilikwenda mwezi wa nne mwanzoni, ningali sijakosa hata mwezi mmoja. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Mzee akasema, "Nusu lete, nusu andika." Tukaandika nakala mbili. Rafiki yangu aliyejificha miezi mitatu alikuta kufuli.

Mkopo ni vile vile. Benki Kuu ilikuwa imezitaka benki zisikilize wakopaji walioathirika na korona, lakini ilikuwa lazima mwenyewe uende uombe. Niliomba, nikapewa miezi mitatu ya kupumua. Uliza mapema riba ya miezi hiyo inakwenda wapi, kwa sababu haiendi popote, inakungoja mbele.

Arbuni za watu za sherehe za kuzaliwa nilizirudisha zote. Wakati ule kutuma shilingi 1,000 kurudi chini kwa M-Pesa kulikuwa bure, basi mama mmoja aliyekuwa amenipa 4,000 nilimtumia mara nne, elfu elfu. Akanipigia akidhani simu yangu imeharibika. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikodi mwezi wa nane, puto kwake uani, watoto wa nyumba moja tu. Kazi hiyo ya majumbani ndiyo iliyonilisha mpaka mwisho wa mwaka.

Maana hata milango ilipofunguliwa, pesa haikurudi. Ndege za abiria kutoka nje zilianza tena tarehe 1 Agosti, lakini Waitaliano hawakuja kama zamani. Hamsini ya mtoto wa Malindi hutoka kwa mama anayefua mashuka hotelini, au kwa baba wa mashua ya kupeleka wageni kwenye matumbawe. Mgeni asipokuja, mtoto hapandi bembea. Nilishusha bei ikawa thelathini, nikaingiza watoto watano kwa zamu, sabuni mlangoni. Huko Japani, bustani ya Fuji-Q Highland iliwaomba wateja wasipige mayowe kwenye vigari vya kuteremka kwa kasi, wapige mayowe moyoni. Nikawasimulia watoto wa Maweni. Walipiga mayowe ya kucheka.

Mpwa wangu amesoma haya kabla sijayaweka hapa, akaniambia puto ameshaliona Mombasa, la kijani, limetumika mwaka mmoja, na muuzaji anataka arbuni leo. Nimemwambia alikunjue lote juani kwanza, avute kila mshono kwa mikono miwili, na ainuse mikunjo.