Waya wa dishi haushiki lehemu

Waya wa kwanza niliojitengenezea ulikuwa wa dishi. Fundi wa king'amuzi aliniachia kipande cha mita tatu, nikaona una wavu wa kuzuia kelele, basi utafaa kutoka kwenye deki ya CD hadi kwenye amplifaya. Nikashuka Ngamiani, hapa Tanga, kununua pini nne za RCA, zile za kuchomeka nyuma ya mashine, nikarudi nyumbani kuchoma. Waya wa kati ukakubali. Wavu ukagoma: lehemu inayeyuka, inajikunja kuwa kidonge, inadondoka mezani. Nikadhani mkono wangu ndio mbaya, nikazidisha moto mpaka plastiki ikayeyuka.

Mkono haukuwa na kosa. Wavu wa waya nyingi za dishi ni alumini, na alumini haishiki lehemu ya kawaida ya bati na risasi. Hata ule wa kati mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba; upelekee sumaku uone. Mimi niliusokota wavu kwa vidole, nikazungusha tepu, nikawasha. Ikanguruma ile mmm ya hezi 50 ya umeme wetu, nzito kuliko besi ya wimbo wenyewe. Wewe unayeanza, tafuta waya wa maikrofoni wenye wavu wa shaba, ujipunguzie safari.

Waya wa spika hauhitaji wavu, unahitaji unene. Kwangu spika iko mita 5 kutoka kwenye amplifaya, yaani mita 10 kwenda na kurudi. Shaba ya milimita za mraba 1.5 kwa urefu huo ina ukinzani, yaani kiasi inachozuia umeme, wa omu 0.12 hivi; ya 0.5 inafika karibu omu 0.35. Kwa spika ya omu 8 hiyo ya pili unaweza kuivumilia, kwa spika ya omu 4 usijaribu. Na dukani kwaruza kwanza kwa wembe. Ndani kukiwa kweupe, ni alumini iliyovikwa shaba, na ukinzani wake unazidi wa shaba tupu kwa mara moja na nusu au zaidi kidogo. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Halafu kuna bahari. Sisi wa Raskazone upepo wa chumvi unaingia mpaka kabatini, na ncha za shaba zilizoachwa wazi huota kijani. Spika ikianza kukwaruza, kabla hujamlaumu mtu, kata ncha, menya upya, kaza. Ncha inayobanwa kwa skrubu usiipake lehemu. Lehemu ni laini, inabonyea polepole na skrubu inalegea.

Zima amplifaya kabla ya kugusa chochote. Mimi uzi mmoja, mwembamba kama unywele, uligusa chanya na hasi kwa pamoja, nikanunua transista mbili mpya za amplifaya. Siku hizi kila waya unapita kwenye mita ya kupimia umeme kwanza. Besi ikipotea ghafla, angalia kama spika moja imegeuzwa, chanya imefungwa kwa hasi: iondoe kwenye amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya, na koni, ule utando wa mbele wa spika, inatakiwa itoke nje.

Nilipozoea, nikaanza kusuka waya. Nyuzi nane kama mkeka, nikawatangazia watu kwamba sauti ya mwanamke kwenye taarabu zangu za Black Star, kundi la hapa Tanga, sasa imesogea mbele. Mpwa wangu akatundika kanga mbele ya mashine, akawa anabadilisha waya wa kusuka na ule wa kawaida huku sauti haijaguswa, nami nataja upi unaopiga. Mara 12. Nilipatia 5.

"Na zile tatu za mwisho, mjomba," akasema akikunja kanga, "sikubadilisha kitu."