Nilipokuwa na kovu tu hakuna aliyeniambia nijifunike

Swali la wiki hii mmeuliza, mtu mwenye tatuu aifunike akiwa sehemu ambazo watu wanakuja na watoto wao, kama bwawa la kuogelea, ufukweni au kwenye bustani za michezo? Jibu langu ni kwamba inategemea mchoro unasema nini. Ua sio tusi. Sasa sheria ikishaweka ua na tusi kwenye kapu moja, hapo mimi siikubali, na nitaeleza kwanini maana jambo hili limenigusa mwenyewe na limegusa nyumba yetu.

Nikiwa na miaka 6 nilimwagikiwa na maji ya moto. Mkono wa kulia wote, kuanzia begani mpaka chini kidogo ya kiwiko, ukabaki na kovu lile la kuvimba na kung'aa, lenye mikunjo kama nailoni iliyoshika moto. Nimekua nalo. Watu wazima wakiliona wanageuza macho haraka au wananipa pole, watoto ndo walikuwa wanaogopa waziwazi, kuna mmoja aliwahi kukataa kabisa kukaa karibu yangu mpaka mama yake akaona aibu. Lakini miaka yote hiyo, kote nilikoenda kuogelea, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniambia dada funika hilo kovu kuna watoto. Nilikuwa najifunika mwenyewe kwa hiari yangu, tisheti ya mikono mirefu hata jua likiwa kali, kwasababu nilikuwa sijipendi.

Nilipofika miaka 33 nikaenda kuchorwa. Yule dada mchoraji alikagua kovu kwa vidole muda mrefu kabla ya kushika mashine, akaniuliza lina miaka mingapi, akaniuliza kama nikijikata huwa naota makovu ya kuvimba maana mtu wa namna hiyo tatuu yenyewe inaweza kumletea kovu lingine. Ngozi ya kovu haishiki wino sawasawa, kuna sehemu unatawanyika na kuna sehemu unakataa kabisa, kwahiyo tulirudia mara tatu kwa miezi kadhaa mpaka majani yakakaa. Ni mmea unaotambaa, majani na maua meupe, unapanda kutoka kwenye kiwiko mpaka begani. Mikunjo ya kovu imekuwa mishipa ya majani. Siku nilipojiangalia kwenye kioo nililia, sitaki kudanganya.

Mara ya kwanza kwenda kuogelea bila tisheti nilikuwa na binti yangu wa miaka 5. Hata maji sijagusa, kijana wa pale akaja, kwa heshima kabisa, "Dada samahani, naomba uvae kitu juu, hapa panakuja watoto." Nikamuuliza nifunike nini, maua? Akasema sheria ya pale ni tatuu zote. Sikumlaumu yeye, ni mfanyakazi na sheria hakuiandika, nikajitanda taulo nikakaa pembeni. Binti yangu akaniuliza, "Mama, maua yamefanya nini?" Nilikosa jibu, na mpaka leo naandika haya bado sina. Yaani nikiwa na kovu linalotisha watoto nilikuwa ruksa, nikiwa na maua nimekuwa tatizo kwa ajili ya watoto.

Halafu watoto wenyewe hawana hiyo shida. Mwaka jana mahali pengine, ambapo hawana sheria hiyo, alikuja kabinti kamoja kamelowa chapachapa kakasimama mbele yangu, "Shangazi, mbona hili ua limevimba?" Nikamwambia hapo chini kuna kovu, niliungua na maji ya moto nikiwa mdogo kama wewe, ndo ua likachorwa juu yake. Akaweka kidole, akakipitisha taratibu kwenye ukingo wa jani moja, akauliza linauma? nikasema haliumi tena, akarudi zake kwenye maji. Haikufika dakika. Mama yake alikuwa anakuja mbio kuomba radhi, nikamwambia hamna cha kuomba radhi mama, kaniuliza vizuri na nimemjibu vizuri.

Najua mtu atasema wataiga. Mtoto anaiga vitu vingi, hilo kweli, ila tatuu sio kitu anachoweza kutoka nyumbani jioni akaipata kirahisi, nchi nyingi zinazuia kumchora mtoto, Uingereza kwa mfano wana sheria tangu 1969 ya kukataza kumchora mtu aliye chini ya miaka 18. Na kumwambia mwanao kwamba hilo ni jambo la watu wazima na ni la kudumu ni sentensi moja tu, mbona kwenye pombe tunaweza.

Sasa wanaopenda kutoa mfano wa Japani. Kweli, kule kwenye onsen, yale mabafu ya chemchemi za maji moto, wengi hawaruhusu uingie ukiwa na tatuu. Lakini ukiuliza chanzo utakuta ni Yakuza, yale magenge ambayo watu wake walikuwa wanajichora mwili mzima, kwahiyo kumkataa mwenye tatuu ilikuwa njia ya kumkataa jambazi bila kumwita jambazi. Na kabla ya hapo serikali yenyewe iliwahi kupiga marufuku kuchora kuanzia 1872 mpaka 1948. Yaani ni sheria yenye historia yake na watu wake. Tatizo ni pale inapomkuta mtu asiyehusika. Mwaka 2013 mwanamke wa Kimaori, yaani wa watu wa asili wa New Zealand, alikuwa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kwa ajili ya mkutano wa lugha za watu wa asili, akazuiwa kwenye bafu moja kwasababu ya moko, mchoro wa usoni ambao kwa Wamaori ni ukoo wako na heshima yako. Usoni! Atafunika na nini? Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Hokkaido ni ardhi ya Waainu, watu wa asili wa kule, ambao wanawake wao nao walikuwa wanachorwa kuzunguka midomo mpaka walipokatazwa mwaka 1871. Wenyewe Wajapani wameanza kulegeza, idara yao ya utalii ilifanya uchunguzi mwaka 2015 ikakuta kama asilimia 56 ya wenye mabafu waliojibu wanakataa wenye tatuu, asilimia 31 wanaruhusu na asilimia 13 wanaruhusu ukifunika, mfano kwa stika ya rangi ya ngozi. Hiyo stika inafaa kwa mchoro mdogo tu, sisi wenye mkono mzima haitusaidii kitu.

Fikirieni na wengine. Wakristo wa Kikopti kule Misri wengi wana msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, wanachorwa tangu utotoni. Wazee waliotoka wazima Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi, walikuwa na namba mkononi, waliyochorwa kwa nguvu. Kuna kina mama waliokatwa titi kwa kansa wakachora juu ya kovu kama nilivyofanya mimi. Sheria ya "tatuu zote" inawaambia hawa wote wajifiche pamoja na yule aliyejichora uchi kifuani, haiangalii chochote.

Disney wanaojulikana dunia nzima kwa mambo ya watoto, kwenye maeneo yao ya burudani Marekani hawakatazi tatuu. Wanachokataza ni tatuu inayoonekana yenye maneno au michoro isiyofaa. Basi. Mimi naona hapo ndo penyewe, chukua huo mchoro uweke kwenye tisheti, je hiyo tisheti ungeiruhusu ipite getini? Kama ndiyo mwache mtu apite, kama hapana afunike, na asione ameonewa.

Maana upande wa pili naujua pia, na huu unaniuma kwa namna nyingine. Mdogo wangu wa kiume ana neno kwenye kigimbi, alichorwa akiwa na miaka 19 na wenzake, tusi zito, herufi kubwa nyeusi. Kwa miaka nilikuwa namtetea, mwili ni wake. Siku moja tulikuwa kwenye bustani ya michezo ya watoto, amevaa kaptula, amesimama anasukuma bembea ya binti yangu. Nyuma yake kuna mtoto wa kiume kama miaka 7, umri ule wanaosoma kila kitu wanachokiona, mabango, maboksi, kila kitu. Akainama na kidole akaanza kuunganisha silabi kwa sauti, moja, ya pili, ya tatu, polepole, kisha akalisema neno zima kwa furaha ya mtu aliyeweza. Akamgeukia baba yake asifiwe. Yule baba hakugomba, alimshika mkono tu akaondoka naye, na mdogo wangu akabaki ameshika kamba ya bembea hajui aangalie wapi. Siku hiyo nilimwambia mwenyewe, mdogo wangu hiyo funika. Hakubisha.

Kwahiyo sisemi kila mtu aonyeshe kila kitu. Na kuna kufunika kwingine ambako hakuna ubishi, tatuu mbichi ni kidonda, wachoraji wanakuambia ukae mbali na bwawa wiki mbili mpaka nne, hapo ni afya yako na ya wenzako kwenye maji.

Pale walipofanya nijitande taulo niliandika barua, ya heshima, kuwaomba wabadilishe hayo maneno mawili "tatuu zote" waweke "michoro na maneno yasiyofaa". Hawajajibu. Sijarudi, na binti yangu ameshaacha kuuliza.

Mdogo wangu siku hizi akienda kwenye watoto anavaa soksi ndefu ya mpira ile ya wachezaji, inapanda mpaka gotini. Na ameanza leza. Inavunjavunja wino vipande vidogo halafu mwili wenyewe unavibeba kidogokidogo, kwahiyo kati ya safari moja na nyingine anasubiri wiki kadhaa. Ameshaenda mara nne. Herufi mbili za mwisho zimekuwa kama moshi, zile za mwanzo bado zinasomeka, na amesema soksi haivui mpaka mtoto wa darasa la kwanza ashindwe kulisoma lile neno.