Vijana mnaoanza kazi ya boti, waliookoa watu Nungwi walikuwa watu kama nyie

Assalam alaykum vijana, hasa nyie mlioingia msimu huu kwenye boti za wageni na za kuvulia huku kaskazini Unguja. Kuna jambo nahodha wako pengine hatokwambia mapema maana siku za mwanzo ni kubeba madumu ya mafuta na kusafisha boti tu, kwa hiyo mie naliandika hapa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya abiria MV Spice Islander ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaa watu na mizigo kupita kiasi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, na wengi mno hatukuwapata, Mungu awarehemu. Sasa waulizeni wakubwa wa Nungwi nani alikwenda kule. Watakwambieni wavuvi, na vijana wa boti za kupiga mbizi, watu ambao jana yake walikuwa wanauza samaki na kupeleka wageni Mnemba. Wamekuta watu wameng'ang'ania magodoro na mafriji, wengine wana watoto mikononi, na wakaanza kuwatoa mmoja mmoja. Mie nawaheshimu hawa kuliko mtu yeyote katika kisiwa hichi, na nnavyoona waliweza kwa sababu boti zilikuwa na mafuta na mikono ilishazoea kazi.

Kwa hiyo usirudi pwani ukaacha tangi tupu eti kesho utajaza. Laifu jaketi zisifungiwe chini ya mizigo, ziwe pahala mkono unafika gizani. Kamba ndefu iwepo, na madumu matupu yaliyofungwa vizuri usiyatupe, yanaelea na mtu anaweza kuyashika. Tochi uijaribu kabla ya kutoka. Kama boti yenu ina redio jifunze chaneli 16, ile ya kuombea msaada baharini, hata kama si kazi yako, nahodha naye anaweza kuumia.

Hapa nitakawia kidogo maana ndipo watu wanapokufa wawili badala ya mmoja. Anaezama hana akili ya kawaida, atakukamata shingo hata akiwa ndugu yako, basi usiruke kwanza, mtupie kitu kinachoelea, mtupie kamba, na ikibidi uingie majini ingia na boya uliweke baina yako na yeye. Boti iende taratibu na mashine izimwe kabla mtu hajafika tezi, yaani nyuma ya boti, panga la mashine halichagui. Wakiwa wengi usiwaache wote wapande ubavu mmoja, boti itapinduka na nyie mtakuwa wa kuokolewa, mpeni kila mtu kamba ashike huku mnanyanyua mmoja mmoja, watu wawili, mikono chini ya makwapa, wimbi likipanda ndio mnavuta. Akishapanda mvueni nguo zilizorowa kwa stara, mfunikeni kanga, turubai, chochote, maana hata bahari yetu ya joto mtu akikaa masaa na upepo unavuma anatetemeka mpaka anapoteza fahamu.

Msidhani ilikuwa mara moja tu. Mwaka ulofuata, tarehe 18 Julai 2012, meli nyengine ya abiria, MV Skagit, ikitoka Dar ilizama karibu na Chumbe, mchana, bahari imechafuka na upepo mkali, na boti nyengine zikaenda tena.

Na baada yake jamani, usingizi unakataa. Kuna wanaume wazima waliotoa maiti za watoto siku ile wakarudi nyumbani hawajasema neno. Ikikufika wewe usinyamaze, kaa na mkubwa wako wa kazi, au imamu, au mke wako, uyaseme yote, na ukiona hata kula huwezi nenda hospitali ukaelezee. Manahodha nanyi nawaombeni, kijana akikwambia leo sitoki, msimlazimishe wala msimcheke, mpe kazi ya pwani mpaka awe tayari.