Anza Ofisi Kabla Hujatundika Daluga

Ndugu yangu uliyecheza mpira na sasa unaitwa usaidie uongozi wa klabu, nakuandikia kabla hujakikalia kile kiti. Mimi nilikuja Helsinki, Ufini, kusoma, nikacheza madaraja ya chini mpaka goti likakataa, kisha nikafanywa katibu wa klabu ya mtaani kwetu. Kazi yenyewe imenifundisha mengi. Lakini mtu ambaye njia yake nimeitazama kwa makini kuliko wote ni Aki Riihilahti.

Mashabiki wa zamani wa Crystal Palace, klabu ya London, wanamjua. Mzaliwa wa Helsinki, mwaka 1976, kiungo aliyetoka HJK, klabu ya hapa Helsinki, akaenda Vålerenga ya Norway, na mwaka 2001 akatua London. Hakuwa fundi wa chenga. Alikuwa mtu wa kukaba na kukimbia dakika zote tisini. Mwaka 2004 Palace walipanda Ligi Kuu ya England kwa kuifunga West Ham 1–0 katika fainali ya mchujo kule Cardiff. Timu ya taifa ya Ufini aliichezea mechi 69. Baadaye alipita Ujerumani na Sweden, akarudi HJK mwaka 2009, akachukua ubingwa misimu mitatu mfululizo, na ulipoisha msimu wa 2011 akatundika daluga. Haikupita miaka mingi akawa mtendaji mkuu wa klabu hiyohiyo.

Wachezaji wenzangu wakisikia habari hii husema jina ndilo lililombeba. Sikubaliani nao. Alipokuwa bado anacheza Uingereza, Riihilahti alikuwa akiandika makala za magazetini, tena kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Mchezaji anayerudi nyumbani na miguu mizito, kisha akakaa kupanga hoja zake kwenye karatasi, anajizoesha kazi ya pili bila kuiacha ya kwanza. Katika ofisi ya klabu utaandika kila siku: barua kwa manispaa, maombi ya udhamini, majibu kwa mzazi mwenye hasira. Kwa hiyo kama bado unacheza, anza sasa. Soma mkataba wako mwenyewe mpaka mstari wa mwisho. Muulize katibu wenu basi la ugenini linalipwa na nani, na lini.

Sasa nikueleze kosa langu. Hapa Ufini kila mchezaji wa mashindano rasmi hulipiwa kibali cha msimu, wenyewe wanakiita pelipassi. Asiye nacho hachezi. Msimu wangu wa kwanza nilidhani mzazi wa kijana mmoja ameshalipa, kwa sababu aliniambia "nitalipa leo". Sikuangalia tena. Kijana akafika uwanjani, akavaa, akapasha misuli moto na wenzake, ndipo nikagundua kwamba hana kibali. Nilimwendea mimi mwenyewe kumweleza. Alikaa benchi na jezi yake mechi nzima, na mama yake alikuwa jukwaani. Tangu siku hiyo, usiku wa kabla ya mechi napitia orodha jina kwa jina, hata kama niliipitia juzi. Mpira ukiwa mguuni, kosa lako unaweza kulifuta dakika inayofuata. La ofisini anayeliumia ni mtu mwingine.

Kuna jambo la viwanja pia, na hili hakuna aliyenitayarisha kwalo. Ligi ya Ufini huchezwa kuanzia majira ya kuchipua mpaka vuli, kwa sababu wakati wa baridi theluji inafunika kila kitu. Miezi hiyo klabu zote, kubwa na ndogo, zinagombea saa za mazoezi kwenye kumbi za ndani na kwenye viwanja vichache vya nyasi bandia vinavyosafishwa theluji. Ukichelewesha ombi, watoto wako wanapewa saa ambayo wanapaswa kuwa kitandani. Mwalimu hodari hawezi kuliokoa hilo. Nimeshuhudia timu nzuri ya vijana ikisambaratika kwa sababu ya ratiba tu. Popote ulipo, tafuta kitu kama hicho kwenye klabu yako, kile kinachoamuliwa miezi kadhaa kabla ya mechi, ukishike mwenyewe.

Halafu fedha. Mwaka 2014, Riihilahti akiwa ofisini, HJK iliitoa Rapid Wien ya Austria ikawa klabu ya kwanza ya Ufini kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Europa, mashindano ya klabu za Ulaya, na nyumbani ikazifunga FC København ya Denmark na Torino ya Italia, zote 2–1. Kwa klabu ya ligi ndogo, fedha ya makundi ya Ulaya hubadilisha mwaka mzima. Lakini hutegemea mechi chache za mtoano za Julai na Agosti, wakati mishahara imeshapangwa tangu Januari. Kwa hiyo andika bajeti kana kwamba mtatolewa raundi ya kwanza. Najua kocha atanuna. Mwache anune Januari, kuliko wachezaji wakose mshahara Oktoba.

Lililo gumu zaidi kwangu ni marafiki. Ukiongoza klabu uliyoichezea, watu mliobadilishia nguo chumba kimoja watakuja mezani kwako kuomba mkataba, na mmoja wao utamwambia hapana. Mwambie mwenyewe, ana kwa ana, mapema, kabla hajasikia kwa wengine. Mimi niliwahi kumwachia mtu mwingine aifikishe habari hiyo kwa rafiki yangu. Mpaka leo hatujazungumza vizuri, na namkosa.

Kabla hujasema ndiyo, omba uonyeshwe hesabu za miaka mitatu iliyopita. Keti na mtunza hazina jioni moja, mpitie madeni yote, pamoja na yale ambayo hayakuandikwa.