Anayeuliza Maswali Asifukuzwe Kikundini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama na vijana kinachopanda miti kando ya Mto Ruaraka, hapa Nairobi. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, ambaye ni fundi wa umeme na mtu anayependa sana kusoma, alisimama mkutanoni akasema kwamba dunia imekuwa ikipata joto na baridi kwa zamu tangu enzi na enzi, kwamba wanasayansi waliwahi kuudanganya ulimwengu kuhusu barafu ya Himalaya, na kwamba huenda habari hizi zote zimetungwa na mataifa tajiri ili tusiguse makaa ya mawe yetu. Wanachama walimzomea, na sasa kuna pendekezo la kumwondoa. Je, tumwondoe? Na ikiwa asemayo ni kweli, miti yetu ni kazi bure?
Mwenyekiti, Kasarani

JIBU: Dada Mwenyekiti, msimwondoe. Mtu anayesimama mbele ya wenzake na kusema jambo ambalo anajua halitapendwa anastahili kujibiwa, na kumzomea hakujawahi kumjibu mtu yeyote. Nitajaribu kuyapitia maneno yake kwa uzito aliokusudia.

Kuhusu Himalaya, kosa lilikuwepo kweli. Ripoti ya mwaka 2007 ya jopo la kimataifa linalochunguza mabadiliko ya tabianchi ilidai kwamba barafu ya milima hiyo ingeweza kutoweka kufikia mwaka 2035, na dai hilo halikuwa na msingi. Januari 2010 jopo lilikiri hadharani kwamba limekosea. Lakini mwenzenu aulize ni nani waliolifichua kosa hilo: ni wataalamu wa barafu wenyewe, watu wasio na shaka hata kidogo kwamba dunia inapata joto, ambao hawakuvumilia kuona tarakimu mbovu ikisimama upande wao. Huo hauitwi udanganyifu. Hapa karibu nasi wataalamu wamebishana vivyo hivyo kuhusu Kilimanjaro, ambako barafu ilianza kupungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, na wengi wao husema ukavu wa hewa umechangia pakubwa. Anayetaka kuthibitisha ongezeko la joto kwa picha ya Kilimanjaro peke yake ana hoja dhaifu, na ni afadhali tukiri hivyo.

Ni kweli pia kwamba tabianchi ya dunia imebadilika mara nyingi kabla ya binadamu kuwasha makaa ya mawe. Hapa ndipo ningependa mwenzenu atumie ujuzi wa kazi yake. Taa za nyumba zikizimika ghafla, fundi mzuri haridhiki kusema kwamba taa zimekuwa zikizimika tangu zamani. Huchukua kipimo chake akapima waya mmoja baada ya mwingine mpaka ajue hitilafu iko wapi. Wanasayansi wamefanya hivyo hivyo. Walianza na jua, kwa kuwa ndilo mshukiwa wa kwanza, na setilaiti ambazo zimekuwa zikipima nguvu zake tangu mwaka 1978 hazijaonyesha ongezeko la kuweza kueleza joto hili. Zaidi ya hayo, kama jua lingekuwa ndilo chanzo, tabaka la juu la angahewa lingepata joto pamoja na la chini, lakini vipimo vinaonyesha kwamba la chini linapata joto huku la juu likipoa, jambo linalotarajiwa pale gesi kama hewa ya ukaa zinapozuia joto lisipande. Volkano nazo zilipimwa, na hewa ya ukaa wanayotoa binadamu kwa mwaka inaizidi ya volkano zote kwa zaidi ya mara mia moja.

Hewa ya ukaa yenyewe imepimwa bila kukoma tangu mwaka 1958 katika mlima Mauna Loa huko Hawaii, kazi iliyoanzishwa na Charles David Keeling. Wakati huo kulikuwa na chembe 315 hivi katika kila chembe milioni moja za hewa. Sasa zimepita 420. Kaboni iliyoongezeka ina alama ya asili yake, kwa sababu makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini muda mrefu mno hata yamepoteza yote kaboni 14, yaani aina ya kaboni inayotoweka yenyewe polepole kadiri miaka inavyopita, na hewa tunayovuta imekuwa ikipungukiwa na kaboni hiyo kwa namna inayolingana na uchomaji huo.

Kisha kuna kisa cha Richard Muller, mwanafizikia wa Berkeley nchini Marekani, ambacho mwenzenu atakipenda. Alizitilia shaka rekodi za joto, akaunda kundi lake azichambue upya, na sehemu ya fedha zake ilitoka katika wakfu wa Charles Koch, tajiri wa biashara ya mafuta. Mwaka 2012 alitangaza kwamba nchi kavu imepata joto kwa takriban nyuzi 1.5 katika miaka 250 na kwamba karibu joto hilo lote limetokana na binadamu. Mimi humheshimu sana mtu huyo kwa kuwa alikubali kufuata vipimo hata vilipompeleka asikotaka kwenda.

Hofu kuhusu mataifa tajiri siidharau, kwani Kenya hutoa chini ya sehemu moja katika elfu ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani, na ni haki yetu kuuliza kwa nini tubebeshwe mzigo wa wengine. Hata hivyo, waliokwenda kupinga mradi wa umeme wa makaa ya mawe kule Lamu, ambao leseni yake ilifutwa na mahakama ya mazingira Juni 2019, walikuwa wakazi wa Lamu wenyewe, waliohofia hewa yao na samaki wao.

Sasa miti. Wangari Maathai alipoanzisha harakati zake mwaka 1977, malalamiko aliyoyasikia kwa akina mama wa vijijini yalikuwa kuni, maji na udongo unaosombwa. Mto Ruaraka una haja hiyo hiyo. Mlioona mafuriko ya Aprili 2024 mnajua kwamba mvua ilikuwa kubwa, lakini mnajua pia kwamba kingo zilikuwa zimejengwa na mitaro imezibwa na taka. Ukingo ulioshikwa na mizizi utawafaa, joto lipande lisipande.

Ila shaka ya mwenzenu ielekezeni pia kwenu. Mnapanda mti gani? Kama ni mkaratusi, mnaupa mto mgeni anayekunywa maji mengi. Mkuyu na mianzi vinafaa zaidi ukingoni. Na je, kati ya miche mliyopanda, ni mingapi iliyo hai? Msimu uliopita nilitembea kando ya kijito kimoja hapa jijini, mahali palipokuwa pamefanyiwa sherehe ya upandaji, nikavuta mche uliokauka. Ulitoka bila kushindana nami. Karatasi nyeusi ya nailoni ilikuwa bado imeufunika, na ndani yake mizizi imejizungushazungusha kama uzi kwenye kibiringo, haikuwahi kugusa udongo. Nilivuta mingine minne, yote hivyo hivyo. Jambo hilo liliniuma kuliko hoja yoyote ya mkaidi, kwa sababu waliopanda walikwenda nyumbani wakiamini wamefanya wema.

Kwa hiyo mpeni mwenzenu daftari. Ahesabu miche kila baada ya miezi mitatu na awasomee mkutanoni idadi ya iliyokufa, bila kupunguza. Mnunulieni na kipimamvua, mkisimike mahali pa wazi, mbali na kuta na matawi, asome milimita kila siku saa tatu asubuhi. Kuhusu mvua zetu za masika, mifumo ya kompyuta ilitabiri zitaongezeka ilhali kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1980 zilipungua, na wataalamu bado wanalihangaikia fumbo hilo. Rekodi za kweli za mahali kama Kasarani zinahitajika, na anayetilia shaka ndiye atakayeziandika kwa uangalifu.