Maswali ya Wasomaji: Nani alistahili kiti cha Genghis Khan?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Genghis Khan alizaa wana wanne na mke wake mkubwa, lakini aliyemrithi ni wa tatu, kisha baada ya miaka michache utawala ukahamia kwa watoto wa mdogo wao. Je, Wamongolia walikuwa na kanuni gani ya urithi? Na kwa nini Timur, aliyeteka nchi nyingi baadaye, hakujiita khan, yaani mfalme? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, kanuni ilikuwapo, ila ilitaja tu wanaostahili kuwania. Ilimpasa mtu awe wa damu ya Genghis Khan, na wana wa Börte, mke mkubwa, waliwatangulia watoto wa wake wengine. Atakayetawala miongoni mwao aliamuliwa na kurultai, yaani baraza la wanaukoo na makamanda wakuu, na mpaka baraza hilo likutane ilikuwa kawaida mjane wa marehemu kushika madaraka.

Jochi, kifungua mimba, aliandamwa na shaka tangu kuzaliwa, kwa kuwa Börte alikuwa ametekwa na Wamerkit, kabila la maadui, muda mfupi kabla ya kumzaa, ingawa Genghis Khan alimkubali kuwa mwanawe. Masimulizi ya Wamongolia wenyewe yanaeleza kwamba, kabla ya vita vya mwaka 1219 dhidi ya Khwarazm, dola la Asia ya Kati, baba alipomtaka Jochi aseme kwanza kuhusu urithi, Chagatai alidakia akiuliza iwapo watatawaliwa na mtoto wa Kimerkit, ndugu hao wakakabana kola mbele ya baba yao mpaka makamanda wakawaachanisha. Hapo ndipo Chagatai alipompendekeza Ögedei, mtu mpole aliyekubalika kwa wote, naye akatawazwa mwaka 1229.

Tolui, kitinda mimba, alirithi makao ya baba yake kwa mujibu wa desturi, pamoja na sehemu kubwa ya jeshi: askari 101,000 kati ya 129,000 kwa hesabu ya mwanahistoria Rashid al-Din. Tolui alifariki mwaka 1232, na kwa maoni yangu mjane wake, Sorghaghtani Beki, ndiye mtu muhimu kuliko wote katika habari hii, ingawa vitabu vingi vya shule humpita bila hata kumtaja. Ögedei alitaka mama huyo arithiwe na Güyük, mwana wa Ögedei mwenyewe, kwani kurithi wajane kulikuwa desturi yao, lakini yeye alikataa kwa adabu, akisema kwamba wajibu wake ni kuwalea wanawe. Laiti angekubali, mali na askari wa Tolui wangeingia mikononi mwa nyumba ya Ögedei. Sorghaghtani alikuwa Mkristo wa kabila la Kereit, na bado alitoa fedha za kujenga madrasa mjini Bukhara, jambo lililomjengea heshima miongoni mwa Waislamu.

Ögedei alifariki mwaka 1241, na mjane wake Töregene alitawala mpaka alipofanikiwa kumtawaza Güyük mwaka 1246. Güyük alipoelekea magharibi na jeshi, Sorghaghtani alimtumia Batu, mwana wa Jochi, ujumbe wa siri wa kumtahadharisha kwamba huenda jeshi hilo linamjia yeye. Güyük akafia njiani mwaka 1248. Batu hakuusahau wema huo. Aliunga mkono Möngke, mwana wa Sorghaghtani, akamtuma nduguye Berke na askari wa kulinda kurultai ya mwaka 1251, na Möngke akatawazwa licha ya upinzani mkali wa nyumba za Ögedei na Chagatai, ambazo wengi wao waliuawa baadaye. Wana wengine wa Sorghaghtani, Kublai na Hülegü, walikuja kutawala China na Uajemi.

Kuhusu Timur, alikuwa wa kabila la Barlas lenye lugha ya Kituruki, wala hakuwa mzao wa Genghis Khan, hivyo kujiita khan kungewaudhi watu aliowahitaji. Mwaka 1370 alimwoa Saray Mulk Khanum, binti wa Qazan Khan, mzao wa Genghis Khan, akajitambulisha kuwa mkwe wa ukoo huo, na sarafu zake zikatolewa kwa jina la khan asiye na madaraka, Suyurghatmish, wa uzao uleule wa Ögedei uliopokonywa kiti mwaka 1251. Suyurghatmish alipofariki mwaka 1388, Timur alimweka mwanawe, Sultan Mahmud, katika nafasi hiyo.